Penye Udhia Pasipo Rupia: Ofisi, Bei na Uporaji Mdogo Ughaibuni katika *By the Sea* ya Abdulrazak Gurnah

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *By the Sea* (2001), inavyosawiri usumbufu wa ofisi, suala la bei na ufisadi mdogo katika maisha ya mhamiaji kutoka pwani ya Afrika Mashariki aliyehamia Uingereza. Kwa kuanzia na methali ya Kiswahili "Penye udhia penyeza rupia", makala inadai kwamba rushwa, kwa jinsi lugha ya Kiswahili inavyoitaja, huhesabiwa kuwa mapatano kati ya pande mbili, ilhali tukio la afisa wa uhamiaji kuchukua kasha la udi la Saleh Omar ni uporaji usio na mapatano wala jina. Hata hivyo, riwaya haimwachi Saleh Omar abaki mdhulumiwa mtupu: duka lake la samani lilikuwa nalo meza ya ofisi iliyomnyima mtu mwingine haki kwa kutumia karatasi halali. Makala inahitimisha kwamba thamani ya riwaya hii kwa uhakiki wa fasihi ya Waswahili ughaibuni ni kuuvunja mgawanyo kati ya nyumbani palipooza na ugenini palipo safi.

1. Utangulizi

Methali "Penye udhia penyeza rupia" ina mambo matatu ndani yake. Kwanza, inakiri kwamba udhia upo na hauna budi kuwapo. Pili, inadai kwamba ukuta wa udhia una upenyo. Tatu, inataja bei ya upenyo huo. Rupia ilikoma kuwa fedha halali ya Zanzibar mwaka 1936, shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia, lakini methali imeendelea kutumika bila kubadili sarafu yake. Hilo si ajabu, kwa kuwa kinachohifadhiwa na methali ni kanuni: aliye nje ya mlango na aliye ndani yake wanaweza kuafikiana.

Swali la makala hii ni nini hutokea kanuni hiyo inaposafiri. Mtu aliyelelewa katika jamii inayojua kupenyeza rupia hufanya nini anapofika mbele ya meza ambayo, kwa sifa yake yenyewe, haipokei rupia? Usomaji mmoja rahisi wa fasihi ya uhamaji hujibu kwamba mtu huyo anatoka katika ofisi chafu na kuingia katika ofisi safi, na kwamba machungu yake ughaibuni ni ya baridi, upweke na ubaguzi, wala si ya ufisadi. *By the Sea* inalikataa jibu hilo tangu kurasa zake za mwanzo. Riwaya hii iliandikwa kwa Kiingereza na mwandishi aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana na kutunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Nafasi yake katika mjadala wa fasihi ya Waswahili haitokani na tuzo hiyo. Inatokana na ukweli kwamba mizani ya kimaadili inayotumiwa na msimulizi wake kupima ofisi za Uingereza ni mizani ya mfanyabiashara wa pwani: dhamana, ahadi, bei, zawadi na aibu.

2. Rushwa kama mlo, rushwa kama mapatano

Kabla ya kuiendea riwaya, inafaa kutazama jinsi Kiswahili kinavyoitaja rushwa. Maneno rasmi yapo: *rushwa*, *hongo*, *mlungula*. Lakini lugha ya kila siku hupendelea tasfida, na sehemu kubwa ya tasfida hizo hutoka jikoni na mezani. Askari huombwa anywe *chai*. Karani hupewa *kitu kidogo*. Mwenye cheo *hula*, na inaposemwa kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, kila msikilizaji hujua kwamba kamba ni cheo na majani ni mali ya umma. Methali nyingine, "Mkono mtupu haulambwi", huigeuza huduma kuwa ulimi na malipo kuwa utamu uliopakwa kiganjani.

Tasfida hizi zimekosolewa kwa haki kwamba huulainisha uovu. Anayeombwa chai huona haya kukataa, kwa kuwa kumnyima mtu chai ni uchoyo. Wimbo wa Eric Wainaina uitwao "Nchi ya Kitu Kidogo" ulipata nguvu kwa kuigeuza tasfida iwe shutuma. Hata hivyo, tasfida hizo zinafichua jambo ambalo neno *ufisadi* peke yake halilisemi. Chai hunywewa na watu wawili. Mlo una mwenyeji na mgeni, hata kama mwenyeji amelazimishwa. Anayetoa anajua anatoa nini, anayepokea anajua anapokea nini, na kila mmoja ana neno la kumshika mwenzake baadaye. Ni mapatano dhalimu, lakini ni mapatano. Ndani yake kuna bei, na penye bei pana nafasi ya kuomba ipunguzwe.

Kudai hivi si kuitetea rushwa. Maskini asiye na cha kupenyeza hubaki nje ya mlango, na mapatano ya wawili hulipwa na wa tatu asiyekuwapo. Hoja ni ya kiuhakiki: bila kuielewa rushwa kama uhusiano, msomaji hawezi kuelewa ni nini hasa kinachomuumiza Saleh Omar pale ambapo hapana uhusiano wowote.

3. Kasha la udi: kuchukuliwa bila kuombwa

Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anawasili katika uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina lisilo lake, Rajab Shaaban. Ameshauriwa asioneshe kwamba anajua Kiingereza. Anatamka neno la ukimbizi na neno la hifadhi, kisha ananyamaza. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anaupekua mfuko wake mdogo kitu baada ya kitu, na ndani yake anakuta kasha la udi wa thamani. Anavutiwa nalo. Mahojiano yanapomalizika, mzee ameruhusiwa kuingia katika mkondo wa waombaji hifadhi, lakini kasha halimo tena mfukoni mwake.

Tukio hili linaweza kusomwa kama wizi wa mtu mmoja mwenye tamaa. Usomaji huo hautoshi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mahali wizi ulipofanyikia. Edelman hakumvizia mzee njiani. Alimpora katikati ya utaratibu. Mfuko ulifunguliwa kwa mamlaka ya sheria na vitu vikapangwa mezani kwa mamlaka hiyohiyo. Utaratibu, ambao ndio unaotajwa kila mara kuwa kinga dhidi ya ufisadi, hapa ndio uliompa mwizi nafasi. Ya pili ni mazungumzo yanayoandamana na upekuzi. Afisa anamweleza mzee, akidhani haelewi, kwamba watu wa namna yake hawana nafasi Ulaya na hawathamini yale ambayo Ulaya inayathamini. Anataja pia kwamba wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Romania, lakini kwake hao walikuwa na haki ya kuja kwa kuwa walikuwa Wazungu. Kisha mtetezi huyu wa thamani anaondoka na kitu pekee cha thamani kilichokuwa mezani. Kinaya hakihitaji maelezo, na msimulizi hayatoi.

Ikipimwa kwa methali ya rupia, hali imepinduka. Udhia upo, na rupia nayo ipo, kwa kuwa udi ni mali inayoweza kupenyezwa. Kilichokosekana ni kitendo cha kupenyeza. Saleh Omar hakutoa. Hakuulizwa bei wala hakupewa ahadi. Hawezi kusema kwamba alinunua ruhusa ya kuingia kwa udi, kwa sababu hakuna anayejua kama ruhusa hiyo ingenyimwa udi usingekuwapo. Kwa mfanyabiashara aliyeishi kwa kupatana, kunyimwa mapatano ni hasara kubwa kuliko hasara ya mali. Kasha hilo lilimfikia kwa njia ya biashara, kupitia kwa Hussein, mfanyabiashara aliyeletwa pwani na pepo za msimu. Lilipita kutoka mkono hadi mkono kwa maneno, kwa adabu na kwa hila za soko. Gatwick linapita bila neno.

Ukimya huo una pande mbili, na riwaya haifichi upande wa pili. Saleh Omar mwenyewe ndiye aliyeamua kutozungumza. Hila ya kujifanya bubu wa Kiingereza, aliyoibeba kama ngao, ndiyo iliyomnyang'anya uwezo wa kusema kwamba kasha ni lake. Msimulizi anamkumbuka Bartleby, karani wa Herman Melville, anayekataa kazi za ofisi kwa upole usiotikisika. Lakini kuna tofauti muhimu kati ya wawili hao. Bartleby ni mtu wa ndani ya ofisi, na kukataa kwake kunaikwamisha ofisi. Saleh Omar ni mtu wa upande wa pili wa meza. Kukataa kwake kusema kunaiwezesha ofisi iendelee bila yeye. Ukimya wa karani ni mgomo, na ukimya wa mwombaji unaweza kuwa mlango uliosahauliwa wazi.

Msamiati wa Kiswahili unasaidia kuipima hali hii. Mfasiri yeyote wa sehemu hii lazima achague kitenzi. *Kuiba* ni kitendo cha siri, lakini Edelman alilikagua kasha mbele ya mwenyewe. *Kunyang'anya* kunataka purukushani, na haikuwapo. *Kudokoa* kunafaa ukubwa wa kitendo, lakini ni neno la mtoto na chungu cha mboga. *Kutaifisha* ndilo neno lenye kinaya kikali zaidi: kwa Mzanzibari aliyeyaona matukio yaliyofuata mapinduzi ya 1964, ni kitenzi cha dola kuchukua mali ya mtu kwa jina la watu wote. Afisa wa Gatwick anatumia mamlaka ya taifa lake kama watu wa dola walivyoyatumia kwingine, isipokuwa mali inaishia mfukoni mwake. Hakuna kitenzi kimoja kinachotosha. Kiswahili kina maneno mengi ya rushwa inayoombwa. Kwa uporaji unaofanywa kwa utaratibu kinalazimika kuazima.

4. Duka la samani kama ofisi

Kama riwaya ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya mgeni mwema na mwenyeji dhalimu. Sehemu ya pili, inayosimuliwa na Latif Mahmud, inaondoa faraja hiyo. Latif ni mwana wa Rajab Shaaban wa kweli, yule ambaye jina lake Saleh Omar amelivaa. Nyumba ya familia yake ilipotea kwa njia ya karatasi: baba aliiweka dhamana kwa Hussein, na Hussein akaitumia hati hiyohiyo kama dhamana ya mkopo aliouchukua kwa Saleh Omar. Hussein hakurudi. Saleh Omar alikuwa na hati mkononi, akaidai nyumba, akaipata pamoja na vilivyokuwamo. Sheria ilikuwa upande wake.

Miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na meza ndogo ya mpingo. Latif, akiwa bado mtoto, anatumwa dukani kuomba irudishwe, kwa kuwa ilikuwa zawadi ya kaka yake na wala haikuwa sehemu ya deni. Anakataliwa. Tukio hili halina afisa, muhuri wala sare, lakini umbo lake ni lilelile la Gatwick. Kuna mwenye meza na kuna anayesimama mbele yake. Kuna kitu kidogo chenye thamani kubwa kwa mmoja na thamani ya kawaida kwa mwingine. Kuna karatasi inayomfanya mwenye meza asihitaji kumsikiliza anayesimama. Na kama vile Saleh Omar asivyoweza kuzungumza mbele ya Edelman, mtoto huyu naye hana lugha ya kumshinda mfanyabiashara mwenye hati.

Ulinganifu huu ndio moyo wa riwaya. Saleh Omar, anapojitetea miaka mingi baadaye mbele ya Latif, anaeleza kwamba alifuata masharti ya biashara na kwamba na yeye alidanganywa na Hussein. Utetezi wake ni wa kweli. Hata hivyo, ni utetezi wa kila karani: utaratibu ulifuatwa. Riwaya haisemi kwamba dai la nyumba na wizi wa kasha ni makosa sawa. Mkopo ulitolewa kwa hiari, na udi ulichukuliwa bila idhini. Inachosema ni kwamba uhalali wa karatasi haumalizi swali la haki, na kwamba aliyewahi kujificha nyuma ya karatasi huielewa vizuri zaidi siku karatasi inapogeuzwa dhidi yake.

Na iligeuzwa mapema, hata kabla ya Gatwick. Asha, mamake Latif, alikuwa hawara wa waziri katika serikali mpya, na kwa nguvu ya uhusiano huo Saleh Omar alipoteza mali na uhuru wake. Akakaa kifungoni kwa muda wa miaka 11. Hapa ndipo penye rushwa ya nyumbani kwa maana kamili: cheo cha umma kinatumika kulipia kisasi cha familia. Msomaji anayetafuta uthibitisho kwamba nyumbani pameoza ataupata. Lakini ataupata baada ya kuona duka la samani, na baada ya kuona Gatwick. Kwa mpangilio huo wa matukio, riwaya inamnyima nafasi ya kuhukumu mahali pamoja tu.

5. Mtaalamu wa Kiswahili

Ukimya wa Saleh Omar unazaa udhia wa pili. Mshauri wake wa kisheria, Rachel Howard, anahangaika kutafuta mtu anayejua lugha ya mzee, na anampata Latif Mahmud, mhadhiri anayeishi Uingereza. Hapo mzee anafichua kwamba Kiingereza anakijua, na Rachel anaudhika kwa juhudi zilizopotea. Kichekesho hiki cha ofisi kina matokeo makubwa: mashine ya urasimu, kwa kutafuta mkalimani asiyehitajika, inawakutanisha watu wawili ambao wangeweza kufa bila kuonana. Kiswahili, ambacho kwenye fomu kilikuwa tatizo la kutatuliwa, kinageuka kuwa njia ya kesi ya zamani kusikilizwa nje ya mahakama.

Hali ya msemaji wa Kiswahili kuthaminiwa kama mtaalamu na kusumbuliwa kama mtu ina historia ndefu Ulaya. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa *Desturi za Wasuaheli* (1903), alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi naye Afrika Mashariki, wakuu wa koloni walimzuia kushuka Dar es Salaam. Akarejea Ujerumani na kuishi huko hadi kifo chake mwaka 1927. Ofisi moja ilihitaji ulimi wake na nyingine ikakataa ndoa yake. Latif Mahmud wa riwaya anaishi katika kivuli cha historia hiyo: anaitwa kwa sababu ya lugha yake, lakini jina analosomewa kwenye simu ni jina la baba yake aliyekufa, na hakuna sehemu katika fomu ya kuandika hilo.

6. Bei ya hifadhi

Baada ya kituo cha kuzuilia, Saleh Omar anapelekwa katika nyumba ya wageni ya Celia katika mji wa pwani, pamoja na Ibrahim kutoka Kosovo na Georgy, Mroma kutoka Jamhuri ya Cheki. Nyumba ni chafu na mwenye nyumba hana haja ya kuwapendeza wageni wake, kwa kuwa si wao wanaolipa. Mlaji na mlipaji wametenganishwa, na penye utengano huo bei haina tena kazi ya kulinda ubora. Msomaji wa Afrika Mashariki atautambua uchumi huu mara moja. Ni uleule wa zabuni ambayo anayeitumia huduma hana sauti ndani yake.

Muktadha wa kihistoria unaipa sehemu hii uzito zaidi. Riwaya ilichapishwa mwaka 2001, wakati Uingereza ilipokuwa ikitekeleza mfumo wa vocha kwa waombaji hifadhi, ulioanza Aprili 2000 kufuatia sheria ya mwaka 1999. Mtu mzima asiye na familia alitengewa pauni 36.54 kwa wiki, ambazo pauni 10 tu ndizo zingeweza kuwa fedha taslimu. Maduka hayakutakiwa kurudisha chenji kwa vocha, kwa hiyo tofauti kati ya bei ya bidhaa na thamani ya vocha ilibaki kwa mwenye duka. Mfumo huo uliachwa mwaka 2002. Saleh Omar aliwasili kabla ya vocha, na riwaya haizungumzii chenji. Lakini vocha na kasha la udi vina mantiki moja. Katika vyote viwili, mgeni hupoteza kitu kidogo, mwenye meza hufaidika, na hakuna aliyeomba chochote. Pale ambapo karani wa nyumbani angelazimika walau kutamka neno *chai*, hapa neno halihitajiki. Hasara imekwisha kuandikwa ndani ya utaratibu.

Ni kwa sababu hii kwamba tabia ya Saleh Omar ya kutembelea maduka ya samani katika mji wake mpya ina maana kuliko udadisi wa mzee mpweke. Humo anakuta vitu vyenye bei, na bei ni lugha anayoijua. Hana fedha za kununua wala haja ya meza. Anachokitafuta ni ule uwanja wa zamani ambamo mtu huweza kusimama mbele ya kitu, akakadiria, akabisha, akaondoka kwa hiari yake.

7. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba *By the Sea* inaipima ofisi ya ughaibuni kwa mizani ya soko la pwani, na kwamba kipimo hicho kinafichua aina ya ufisadi ambayo msamiati uliozoeleka wa rushwa hauifikii. Edelman hakuhongwa. Alichukua. Kosa lake linajificha kwa sababu halina mshirika, na kwa sababu aliyeporwa amekubali kuonekana hana lugha. Imeonesha vilevile kwamba riwaya haimpi Saleh Omar cheti cha usafi: meza ya mpingo inasimama dhidi yake kama kasha la udi linavyosimama dhidi ya afisa.

Kwa uhakiki wa fasihi ya Waswahili ughaibuni, matokeo ni mawili. La kwanza ni la kimbinu. Mhakiki anayehesabu rushwa zilizotajwa katika matini ataihesabu Zanzibar ya riwaya hii na kuiacha Gatwick, kwa kuwa Gatwick hakuna aliyeomba chochote. Inapasa kuhesabu pia vitu vinavyopotea njiani kati ya mfuko na fomu. La pili ni la kimaadili. Katika sehemu ya mwisho ya riwaya, Saleh Omar na Latif wanaketi pamoja na kusimuliana, na deni la nyumba halilipwi kwa fedha wala kwa hati. Linalipwa kwa kila mmoja kumsikiliza mwenzake hadi mwisho, jambo ambalo si duka la samani wala meza ya uhamiaji iliyowahi kulifanya. Udhia haukupenyezewa rupia. Ulipatiwa muda, na watu wawili walio tayari kukiri kilichochukuliwa.